“I am boring”: Kiingereza cha burudani, mapendeleo na hisia kwa anayefikiri Kiswahili

Mwalimu wa Jioni

Habari zenu wakuu. Nafundisha watu wazima 14, vipindi vitatu kwa wiki, dakika 90 kila kipindi. Wengi wanajiandaa kwa kazi za hoteli na kuongoza watalii, wawili wanajiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza. Salamu, namba na familia tumemaliza. Sasa tupo kwenye mambo ya kupitisha muda, wanachopenda na wasichopenda, na kueleza wanavyojisikia.

Maneno yenyewe wanayashika. Ukiuliza “tired” ni nini, wanajibu kwa pamoja. Shida inaanza wakitunga sentensi. Haya nimeyanakili kwenye madaftari ya wiki hii:

I am boring because there is no work.
I have been happy to see you.
I am hearing cold.
I like very much football.
On Saturday I play music with my friends at the club. Aliyeandika alimaanisha anacheza dansi.
I enjoy to cook.
I prefer tea than coffee.
The trip to Ngorongoro was very funny.

Nasahihisha kwa kalamu nyekundu, wiki inayofuata yanarudi yaleyale. Orodha za maneno ninazo za kutosha, ninachotafuta ni chanzo. Na kwa wenye uzoefu, nianze na lipi?

---

Kamusi Mkononi

Mwalimu, angalia tena sentensi zako nane. Karibu zote ni Kiswahili sahihi kilichovalishwa maneno ya Kiingereza. Ndiyo maana kalamu nyekundu haisaidii: unafuta kosa kwenye daftari, na sentensi ya Kiswahili iliyolizaa imebaki kichwani bila kuguswa. Mwonyeshe kwanza Kiswahili chake kinafanya nini.

Nianze na hisia. Kiswahili kina milango minne ya kusema hisia. Wa kwanza ni kuwa na: nina njaa, nina hasira, nina wasiwasi, nina usingizi. Wa pili ni kitenzi chenye -me-: nimechoka, nimefurahi, nimekasirika, nimeshiba. Wa tatu ni kusikia: nasikia baridi, nasikia kizunguzungu. Wa nne ni kuona: naona aibu, naona uvivu, naona wivu. Kiingereza cha kila siku kinapitisha karibu hizo zote mlango mmoja, yaani “be” au “feel” na kivumishi mbele yake. I’m hungry. I’m angry. I’m worried. I’m sleepy. I’m tired. I’m full. I feel cold. I feel dizzy. I’m embarrassed. I feel lazy. I’m jealous. Chora ubaoni milango minne upande wa kushoto na mmoja upande wa kulia, mishale minne ikiingia pale pamoja. Wakiuona mchoro huo, “I am hearing cold” na “I have hunger” zinapungua haraka, kwa sababu wamejua kusikia na kuona hapo hazihusu masikio wala macho.

Hiyo -me- inahitaji kipindi chake. Shuleni tumekariri kwamba -me- ni “have”, ndipo nimefurahi ikawa “I have been happy”. Wape jaribio hili: hali hiyo ipo sasa hivi, au ni tendo lililokwisha? Nimekula, tendo limekwisha: “I have eaten”. Nimechoka, uchovu ninao sasa: “I am tired”. Ni hivyohivyo kwa nimelala, “I’m asleep”, nimekaa, “I’m sitting”, nimevaa koti, “I’m wearing a coat”. Na “I have been happy” ipo kwenye Kiingereza, ila maana yake ni kwamba furaha ilianza zamani na inaendelea mpaka sasa, kama “I have been happy here since January”. Anayempokea mgeni mlangoni aseme “I’m happy to see you”.

Sasa “boring”. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi, kwa sababu tofauti ya -ing na -ed tunayo tayari kwenye kauli ya kutendesha. Kinachosababisha hisia mara nyingi kina -sha au -za, ingawa si kila mara, na anayeipata ana -me-:

Inachosha, it’s tiring. Nimechoka, I’m tired.
Inashangaza, it’s surprising. Nimeshangaa, I’m surprised.
Inasisimua, it’s exciting. Nimesisimka, I’m excited.
Inakera, it’s annoying. Nimekereka, I’m annoyed.
Inavutia, it’s interesting. Nimevutiwa, I’m interested.
Inaaibisha, it’s embarrassing. Nimeaibika, I’m embarrassed.
Inachanganya, it’s confusing. Nimechanganyikiwa, I’m confused.
Inavunja moyo, it’s disappointing. Nimevunjika moyo, I’m disappointed.

Vijana wamekwenda mbele zaidi. Wanasema “inaboa” na “nimeboeka”, na hutamsikia hata mmoja anazichanganya. Basi mwanafunzi wako akisema “I am boring”, muulize tu: unaboa au umeboeka? Atajirekebisha mwenyewe. “I am boring” maana yake ni “naboa, watu wakikaa nami wanachoka”, na mtu anayeomba kazi ya kuongoza watalii akijieleza hivyo mbele ya mwajiri amejiharibia.

Mwisho kwa leo, maneno yanayofanana kwa nje lakini hayalingani ndani. Wafundishe haya moja moja.

Nimevunjika moyo si “I’m heartbroken”. “Heartbroken” ni ya msiba au mapenzi yaliyokufa. Usafiri ukichelewa, sema “disappointed”.

Nasikia vibaya, kwa maana ya ugonjwa, ni “I don’t feel well”. “I feel bad” watu wengi wataisikia kama majuto, kwamba umemkosea mtu na roho inakuuma.

Nimekukumbuka kwa maana ya hamu ni “I miss you”, na mkionana ni “I missed you”. “I remembered you” ni kumbukumbu tu, kama kumkumbuka mtu kwa sura.

“Funny” ni kitu kinachochekesha, au wakati mwingine kitu kisicho cha kawaida. Safari iliyofurahisha ni “fun”: “The trip was fun”, “We had a lot of fun”. Mgeni akiambiwa “Your food is funny” ataweka kijiko chini.

“Upset” haina neno moja la Kiswahili. Imebeba huzuni na ghadhabu pamoja, hali ya mtu aliyeguswa vibaya. Ukiwa hotelini na mgeni ameibiwa simu, “The guest is upset” ni sahihi zaidi kuliko “angry”.

---

Mkaa Barazani

Kamusi Mkononi amemaliza hisia, mimi nachukua burudani. Huku matatizo yanatoka kwenye vitenzi vichache vya Kiswahili vinavyofanya kazi nyingi, na vikubwa ni kucheza, kupiga na kutembea.

Kucheza mpira ni “play football”. Kucheza karata ni “play cards”, kila mara kwa wingi. Kucheza drafti ni “play draughts” kwa Muingereza, na “play checkers” kwa Mmarekani. Lakini kucheza muziki au kucheza ngoma ni “dance”. Ukisema “I play music” umesema wewe ni mpigaji, una gitaa au kinanda. Kuchezea simu ni “play on my phone” kama ni michezo, na “scroll through my phone” kama unapitisha tu kidole.

Kupiga ndiyo kubwa. Kupiga gitaa, “play the guitar”. Kupiga picha, “take photos”. Kupiga soga au kupiga stori, “chat”. Kupiga mbizi, “dive”. Kupiga pasi, “iron”. Kupiga miluzi, “whistle”. Hakuna hata moja inayopokea “beat” au “hit”. Ngoma yenyewe, chombo, unaweza kusema “beat a drum”, ila kwa burudani “play the drums” ndiyo kawaida. Angalieni pia “the”: ala za muziki kwa kawaida zinaitaka, “play the guitar”, michezo haiitaki kabisa, “play football”, “play bao”.

Kutembea kunawachanganya sana waongoza watalii. “I walked to Zanzibar” ni kwenda kwa miguu, na bahari ipo katikati. Kutembea kwa maana ya kwenda kuona mahali ni “I went to Zanzibar” au “I visited Zanzibar”. Na “visit” haitaki “to”: “I visited my aunt”. Kutembea jioni kunyoosha miguu ni “go for a walk”.

Halafu kuna “go” yenye -ing. Go swimming, go fishing, go shopping, go dancing, go hiking, go jogging. Kosa ni “go to swimming”, kwa sababu ya kwenda kuogelea, ile ku- inaonekana kudai “to”. Hizi ni shughuli za kutoka kwenda kuzifanya. Mazoezi na michezo isiyo na mpira mara nyingi hupokea “do”: do yoga, do karate, do gymnastics, do athletics. Kufanya mazoezi kwa jumla ni “exercise” au “work out”. “I do exercises every evening” inaweza kueleweka kama mazoezi ya kitabuni.

Vitenzi vya macho na masikio: kuangalia mechi ni “watch a match”, kuangalia picha ukutani ni “look at a picture”, kusikiliza redio ni “listen to the radio”, na hiyo “to” haitoki. Kusoma kitabu ni “read”, kusoma chuo ni “study”. Kulima bustani ya maua nyumbani ni “gardening”, shamba la mahindi ni “farming”. Kusuka nywele ni “braid”, kusuka mkeka ni “weave”, kufuma sweta ni “knit”, kutarizi kofia ni “embroider”.

Mambo yetu yasiyo na neno moja yaelezwe, yasitafsiriwe. Kupunga upepo ni “get some fresh air”. Kubarizi ni “sit outside and chat with friends”. Kula bata haina uhusiano wowote na “duck” mbele ya mgeni, sema “have a good time” au “treat ourselves”. Kwa wanafunzi wa utalii waandalie maelezo mafupi ya bao wayakariri: Bao is a board game for two players. The board has four rows of eight holes, and we play with 64 seeds. You try to capture your opponent’s seeds. Hapo ametumia maneno kadhaa ya burudani kwa jambo analolijua, na mgeni atauliza swali la pili.

---

Mwalimu wa Jioni

Asanteni sana. Hilo la unaboa au umeboeka nimelijaribu jana, darasa zima limeelewa kwa dakika tano. Bado naomba mtu anifafanulie upande wa mapendeleo: like, enjoy, prefer, would like. Na mmoja kaniuliza, kama “I’m liking” ni kosa, mbona tangazo la McDonald’s linasema “I’m lovin’ it”? Sikuwa na jibu la kuridhisha.

---

Msahihishaji

Tangazo hilo lipo tangu 2003 na limetungwa kuvutia sikio kwa kuvunja kanuni kidogo. Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe husema “I’m loving it” wakimaanisha raha ya sasa hivi, mtu yupo katikati ya likizo. Kwa anayeanza, kanuni ibaki: like, love, hate, want, prefer, know havichukui -ing kama kitenzi kikuu. Chanzo cha kosa ni -na-. “Napenda” na “nacheza” kwa Kiswahili zina umbo moja, lakini kwa Kiingereza “I like” inabaki hivyo, na “nacheza” inagawanyika: “I play” kwa mazoea, “I’m playing” kwa sasa hivi. Tumia hu- kuwaonyesha. Ukiweza kusema “Jumamosi mimi huenda baharini”, basi ni “On Saturdays I usually go to the beach”. Kama hu- haiingii kwa sababu jambo linatendeka sasa, ndipo -ing.

Kuhusu “I enjoy to cook”: ku- yetu ni moja, kupika ni kupika popote. Kiingereza kina “to cook” na “cooking”, na kila kitenzi kina chake. Kwa kiwango cha darasa lako yapo mafungu matatu tu:

Vinavyotaka -ing pekee: enjoy, don’t mind, feel like, keep, look forward to. Huyu wa mwisho ndiye anayewaangusha hata waliobobea, kwa sababu ana “to” na bado anataka -ing: “I look forward to meeting you”.

Vinavyotaka “to” pekee: want, hope, would like, would love.

Vinavyokubali vyote viwili: like, love, hate, prefer.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuwa salama aseme “I like cooking”, “I love cooking”, “I enjoy cooking”, zote -ing, na “to” aiweke kwenye “want” na “would like”. Baadaye ndipo apanue.

“Enjoy” ina tabia nyingine: haisimami peke yake. Sisi tunasema “tulienjoy sana” na sentensi imekamilika. Kwa Kiingereza “We enjoyed very much” inaning’inia. Iwe “We enjoyed the party”, “We enjoyed it” au “We enjoyed ourselves”. Mhudumu anayemwekea mgeni sahani mezani husema “Enjoy!” peke yake, hiyo ni desturi ya mezani na inaruhusiwa.

“I like very much football” imetoka kwenye “napenda sana mpira”. Kiingereza hakipendi kitu kikae kati ya kitenzi na kinachopendwa. “I like football very much”, au kwa mazungumzo ya kawaida “I really like football”. Nawashauri wafundishwe “really” kwanza, kwa kuwa katika sentensi kama hii inakaa kabla ya kitenzi, na ni rahisi kuikumbuka.

“Prefer than” ni kazi ya kuliko. Napendelea chai kuliko kahawa: kuliko kila siku ni “than”, isipokuwa kwa “prefer”, ambayo inataka “to”. I prefer tea to coffee. I prefer walking to driving. Na “prefer” imeshabeba zaidi ndani yake, kwa hiyo “I prefer more” ni kurudia. Anayeng’ang’ania “than” mpe njia ambapo “than” ni halali: “I like tea more than coffee”. Heri au bora yetu nayo ina mwenzake mzuri: heri nikae nyumbani kuliko kwenda disko, “I’d rather stay at home than go to a disco”. Baada ya “I’d rather” kitenzi kinakaa kitupu, bila “to”.

“Like” na “would like” ni suala la kazi kwa wahudumu. “Do you like coffee?” ni swali la tabia, unapenda kahawa kwa jumla? “Would you like some coffee?” ni kukaribisha, nikuletee? Mhudumu akiuliza la kwanza, mgeni anaweza kujibu “Yes, I love it” na asiagize kitu. Jibu la la pili ni “Yes, please” au “No, thank you”. Na “what” zenye “like” zipo tatu wanazozigonganisha: “What does she like?” anapenda nini, “What is she like?” yukoje kwa tabia, “What does she look like?” anafananaje kwa sura.

Tena, mtu akisema “my best food” mrudishe kwenye “my favourite food”. “Best” ni ubora, “favourite” ni mapenzi ya mtu. “Most favourite” ni kurudia kulekule kwa “prefer more”.

Kwa wawili wa IELTS, sehemu ya kwanza ya mahojiano huchukua dakika 4 hadi 5 na maswali ya muda wa mapumziko ni ya kawaida sana humo. Jibu la “My hobby is football” linafunga mlango. Wazoee kujibu kwa hatua tatu: nini, mara ngapi au na nani, kwa nini. “I’m really into football. I play with my neighbours twice a week, because it helps me forget about work.” Sekunde 15 hazifiki, na ndani kuna pendeleo, ratiba na hisia.

---

Sauti ya Bonde

Nipo Kenya, naongezea matamshi tu, maana maneno haya hasa ndiyo yanapotea mdomoni.

Angry na hungry. Wengi wetu tunayatamka yote kama “angri” au “hangri”. Tofauti iko mara mbili: hungry ina h ya pumzi mwanzoni na irabu fupi ya nyuma, inayokaribia a yetu ya “baba” iliyokatwa. Angry haina h, na irabu yake ni ya mbele, mdomo umepanuka, kati ya a na e. Waweke mkono mbele ya mdomo: hungry pumzi inagonga kiganja, angry haigongi. Fan na fun ni tatizo lilelile la irabu. “I’m a fan” ni mshabiki, “It was fun” ni raha.

Feel na fill. I yetu ni moja, yao ni mbili. Feel inavutwa, fill inakatwa.

Mwisho wa -ed una sauti tatu, na sisi huwa tunaweka “-edi” kila mahali. Kama neno la msingi linaishia na sauti ya t au d, -ed inaongeza silabi: excited, disappointed. Kama linaishia na sauti isiyotetemesha koo, kama s, k au p, -ed ni t: relaxed, embarrassed, stressed. Kwingine kote ni d tu, bila silabi mpya: bored, tired, scared, annoyed, confused. Kwa hiyo “bored” ni silabi moja na inasikika sawasawa na “board”. Wapige makofi kuhesabu silabi, kosa linasikika papo hapo.

Interesting kwa kawaida ni silabi tatu, in-tres-ting. Favourite husemwa kwa mbili, feiv-rit. Comfortable ni tatu, kamf-ta-bol, si kom-fo-ta-bo. Leisure Muingereza huanza na le, Mmarekani huanza na lii, zote ni sahihi, ila kwa mazungumzo “free time” inatosha na haina mtego. “What do you do in your free time?” ndilo swali watakaloulizwa. Likija “What do you do?” bila hayo ya mwisho, linauliza kazi.

Jambo moja nje ya matamshi: pole. Huku kwetu mtu akijikwaa tunamwambia “sorry”, na mgeni anaweza kushangaa, “It wasn’t your fault”. Kwa mgeni aliyejikwaa sema “Are you all right?” Kwa habari mbaya sema “I’m sorry to hear that”. Pole na safari haina tafsiri, badala yake uliza “How was your journey?”

---

Tafsiri Basi

Nawaheshimu wakuu, lakini mnamfundisha mwalimu kutegemea Kiswahili darasani. Watu wazima wakizoea kutafsiri, kila sentensi itapita Kiswahili kwanza na hawatakuwa na kasi. Mimi naona wapewe sentensi nzima nzima za Kiingereza na picha za nyuso, wazirudie mpaka ziwe zao.

---

Kamusi Mkononi

Nakubaliana nawe kuhusu sentensi nzima, na ndiyo njia ya kupata kasi. Kiswahili kitumike mara moja, kwenye chanzo cha kosa, dakika tano, halafu kiwekwe pembeni. Bila hizo dakika tano mwanafunzi anatafsiri hata hivyo, kimya kimya, na hujui anatafsiri nini.

Picha za nyuso nazikataa kwa sababu moja. Uso wa “tired”, “bored”, “sad” na “disappointed” ni uso uleule. Darasa litabishana kuhusu mchoro badala ya neno. Tumia tukio. “You have waited two hours for a bus and it is full” inaleta “annoyed” au “fed up”. “Your interview is in ten minutes” inaleta “nervous”. “Your team lost in the last minute” inaleta “disappointed”. “You called the teacher Mum” inaleta “embarrassed”. Tukio linafunga maana, uso unaiacha wazi.

Vihusishi navyo viingie hapo hapo kama sehemu ya neno, visifundishwe peke yake: bored with, tired of, interested in, excited about, worried about, afraid of, good at, keen on, proud of. Hasira ina mgawanyo, “angry with” mtu, “angry about” jambo. “Bored of” utaisikia sana mitaani, wapo wasiopenda kuiona kwenye maandishi, kwa hiyo kwa wanaoanza “with” ni salama.

---

Mwalimu wa Jioni

Nimeelewa. Basi nina wiki nne, vipindi 12. Mngepangaje?

---

Msahihishaji

Wiki ya kwanza, burudani: vitenzi vya Mkaa Barazani, play, go, do, na hu- ya mazoea. Hisia zisitangulie, kwa sababu mtu anahitaji kwanza jambo la kulihisia. Wiki ya pili, mapendeleo. Ya tatu, hisia, kwa milango minne na -sha. Ya nne, kuunganisha kwa mazungumzo ya hotelini na ya mahojiano.

Maneno mapya 8 hadi 10 kwa kipindi, yasizidi. Ukiweka 20 watayatambua yote na hawatatumia hata moja, na hapo ndipo ulipo sasa. Maneno ya leo yarudi kipindi kinachofuata, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili, kila mara ndani ya sentensi mpya na si kwa kuuliza maana.

Kwa mapendeleo, weka kamba sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Mwisho mmoja “I can’t stand it”, mwingine “I love it”, katikati “I don’t mind it”, na kati yao “I’m not keen on it” na “I quite like it”. Taja shughuli, “getting up early”, “washing clothes”, “watching boxing”, kila mtu asimame penye pendeleo lake na aseme sentensi nzima akiwa amesimama pale. “I don’t mind” wataikosea, watadhani ni kukataa. Waambie ni “sina neno”, sichukii wala sishangilii. Halafu uwafundishe mwenzake, “Would you mind opening the window?” Anayekubali kufungua hujibu “No, not at all”, maana anaulizwa kama itamkera. Mhudumu akijibu “Yes” kwa tabasamu, mgeni amesikia amekataliwa.

Kusahihisha, chagua kosa la aina moja kwa kipindi. Kama leo ni -ed na -ing, acha “the” zipite. Kwenye daftari usiandike jibu, chora mstari chini ya neno na uandike pembeni alama mliyokubaliana, kwa mfano “-sha?” kwa boring na bored, “kuliko?” kwa prefer, “ku-?” kwa to na -ing. Arudishe daftari amerekebisha mwenyewe, na sentensi hiyohiyo aiseme kwa mdomo mwanzoni mwa kipindi kinachofuata.

---

Mwalimu wa Jioni

Kamba nimeshanunua, mita sita. Kipindi cha kwanza ni Jumatatu. Mkaa Barazani, naomba maelezo mengine mafupi kama yale ya bao, ya taarab na ya ngalawa, wanafunzi wa utalii wameyaulizia.

---

Mkaa Barazani

Haya mwalimu, sentensi tatu tatu ili zikaririke.

Taarab is a kind of music from the East African coast, and people love it in Zanzibar. A singer performs poems in Swahili, with instruments such as the violin, the accordion and the qanun, a flat instrument with many strings. During a song, people in the audience often walk up and give the singer money.

A ngalawa is a small wooden sailing boat with an outrigger on each side. The outriggers stop it from turning over. Fishermen use it for work, but people also enjoy racing it.

Neno “outrigger” ni gumu kwao. Ubaoni chora mtumbwi na yale matengo mawili ubavuni, waoneshe kwa mkono, na mbele ya mgeni waoneshe vilevile wakati wanalitamka.